Siku ya Sita, Siku ya Nane

3 Machi

Daftari hili amenipa mjukuu wangu. Namwita Profesa, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika mwaka jana, mimi nikiwa na miaka sitini na tisa, yeye kumi na miwili. Shule mimi sikuingia hata kwa kuchungulia dirishani. Ameniambia, "Bibi, andika kila siku hata mstari mmoja, usije ukasahau herufi." Nikamjibu mimi sisahau kitu, na hiyo ndiyo taabu yangu.

Mvua imeanza leo. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana na ndoo nimeiweka palepale.

Leo pia nimeanza kufuma blanketi. Kila siku mstari mmoja, sizidishi wala sipunguzi. Mweupe kwa siku ya kawaida, mwekundu siku anayokuja binti yangu, buluu siku anayokuja mwanangu wa kiume. Binti ni mkunga hospitalini. Anafanya kazi siku tano, ya sita anapumzika, na siku hiyo huja kumwona Profesa, maana Profesa ni mtoto wake, anaishi kwangu. Mdogo wake ni fundi kwenye mitambo ya kusukuma maji. Yeye ni kazi siku saba, ya nane ndiyo yake, na huja kuniona mimi. Zamu zao hazijui Jumapili wala sikukuu.

Miaka miwili sasa, tangu tumzike baba yao, hawajakaa chumba kimoja. Fundi alikuwa kwenye bwawa la mbali, amerudi mwezi uliopita. Nimewaita pamoja mara tatu, na kila mmoja huniuliza kwanza, "Nani mwingine yupo?" Nikisema, haji.

Mvua hizi zikiisha, Mkunga anahamishiwa hospitali nyingine, safari ya siku nzima kwa basi, na Profesa anaondoka naye. Ni tarehe kumi Mei. Kabla ya hapo nataka wakutane humu ndani kwa bahati, mmoja amekaa na mwingine anaingia, asiwe na pa kukimbilia. Nataka mstari mmoja wenye nyekundu na buluu. Sitaki kingine.

4 Machi

Nyekundu. Mkunga amekuja, amelala kwenye kiti saa mbili nzima mdomo wazi. Usiku amezalisha watoto wanne. Nimemfunika.

5 Machi

Nyeupe. Mvua.

7 Machi

Buluu. Fundi amepanda juu ya bati na lami, ameziba. Akashuka amejaa lami hadi kwenye nyusi.

"Mama, pale hapavuji tena mpaka nife."

Kabla hajamaliza chai, tone la kwanza likaingia kwenye ndoo. Profesa alicheka mpaka akashika ukuta. "Mjomba unasukuma maji mji mzima, tone moja la bibi linakushinda!"

"Hilo si tone, hilo ni shangazi yako asiyejua kunyamaza," akasema, na yeye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu arudi.

10 Machi

Nyekundu. Mkunga ameinua macho akaona lami.

"Nani ameziba bati?"

"Paka."

"Paka huyo anajua kukimbia tu," akasema, akaendelea kumsuka Profesa. Nikanyamaza. Kuna mambo nikiyagusa yatanirudia mimi.

Niyaandike kidogo basi, daftari usije ukaniona mchawi. Baba yao alilala kitandani miezi mitano. Tuligawana zamu za kukaa naye, asiwe peke yake hata dakika moja, mwenyewe alikuwa ameomba hivyo. Mkunga alifika alasiri moja akakuta baba amefariki na kiti cha pembeni ni kitupu. Ilikuwa zamu ya mdogo wake. Makaburini, mbele ya watu, akamwambia, "Umemwacha baba afe kama mbwa." Fundi hakujibu. Akaondoka na udongo mkononi.

Hayo yanatosha kwa leo.

15 Machi

Buluu. Amekula, ameshukuru, ameondoka kabla mvua haijachachamaa.

16 Machi

Nyekundu. Jana yule, leo huyu. Kikombe cha mdogo wake kilikuwa bado hakijaoshwa. Mkunga akakiosha bila kuuliza ni cha nani. Alikisugua kama sufuria iliyoungua.

17 Machi

Nimemuuliza Profesa: mtu akija kila siku ya sita na mwingine kila siku ya nane, watakutana lini?

Akafumba jicho moja. "Sita mara nane, arobaini na nane. Ndani ya siku arobaini na nane lazima wakutane, bibi."

"Lazima?"

"Lazima. Hesabu haina huruma."

Nimehesabu mistari. Wa arobaini na nane utaangukia tarehe kumi na tisa Aprili. Nimelala vizuri.

22 Machi

Nyekundu. Ameondoka mbio gari lisimwache, akasahau mwavuli.

23 Machi

Buluu. Mwanangu ameingia ameloa, akauona mwavuli wenye maua mlangoni. Akasimama akiutazama kama anayesoma tangazo.

"Wa dada huu?"

"Wa dada yako. Jana alikuwa hapa. Ungewahi siku moja tu."

Wakati wa kuondoka mvua ilikuwa inapiga kama mawe. Nikamwambia auchukue. Akaukunja vizuri, akaufunga kamba yake, akautundika juu ya msumari, akatoka kichwa wazi. Nikamtazama mpaka kona. Mtu mzima wa miaka thelathini na saba, anaogopa mwavuli!

28 Machi

Nyekundu. Amechukua mwavuli.

29 Machi

Nyeupe. Mguu unauma.

31 Machi

Buluu. Maji ya mto ni tope tupu, machujio yanaziba, hawalali huko kwenye mitambo. Amekonda. Nimemwambia. Akasema, "Nguo ndiyo imenenepa, mama."

3 Aprili

Nyekundu. Profesa amepata maksi za juu za hesabu. Mama yake amemnyanyua juu kama mtoto wa miaka miwili, wakaanguka wote kitandani. Mimi pale nikifikiria kitu kimoja tu, kwamba nyumba hii itakuwa kimya mwezi ujao na nitabaki nikizozana na paka.

8 Aprili

Buluu.

9 Aprili

Nyekundu. Jana na leo tena! Wanapishana kama miguu ya mtu anayetembea. Nimeanza kushuku. Haiwezekani watu wawili wakosane hivi kwa bahati. Kuna mmoja anachungulia zamu ya mwenzake, na mimi najua nani mwenye kichwa cha kupanga mambo katika watoto wangu. Si yule aliyepaka lami.

12 Aprili

Nyeupe. Bado siku saba. Nimefua mapazia.

15 Aprili

Nyekundu. Mdogo wake anakuja kesho. Nimemwomba Mkunga alale hapa.

"Kwa nini?"

"Mvua."

"Mvua ipo tangu Machi, mama."

"Nimekumisi."

Akanitazama kama anavyotazama mama mjamzito anayemficha miezi. "Wewe hujawahi kunimisi hata siku moja, unanigombeza tu. Kesho nani anakuja?"

Akavaa viatu.

16 Aprili

Buluu. Chai imepoa mbele yake na mbele yangu.

19 Aprili

Mstari wa arobaini na nane. Niliamka alfajiri nikapika kwa watu wanne. Tulikaa mlangoni mimi na Profesa mpaka giza.

Nyeupe.

Profesa alikaribia kulia. "Bibi, labda nimekosea." Nikamwambia hajakosea yeye. Kuna watu wameamua kunifanya mimi mjinga ndani ya nyumba yangu.

21 Aprili

Leo nimeharibu.

Mkunga alikuja saa nne. Hata mwavuli hajafunga, nikamwanza. Nikamwambia siku arobaini na nane zimepita, hesabu inasema lazima mkutane, wewe unapanga siku zako kumkwepa ndugu yako, unafikiri mimi sioni kwa sababu sikusoma?

Akasimama katikati ya chumba maji yakimchuruzika. "Mimi? Mimi nimpangie siku yule? Mama, sijui zamu yake, sijawahi kuiuliza, na sitaiuliza. Mimi nafuata karatasi iliyobandikwa ukutani hospitalini. Tano, moja. Tano, moja. Mpaka nastaafu!"

"Muongo."

Neno hilo nililisema mimi kwa kinywa changu.

Hapo ndipo macho yake yakaangukia blanketi kwenye kiti. Akalishika, akapapasa mistari ya buluu, uso ukabadilika. Daftari, sikukuambia: uzi mwekundu nimeufumua kwenye sweta lake la shule. Na ule wa buluu nimeufumua kwenye sweta la marehemu.

"Hili ni sweta la baba."

"Ni la baba yenu."

"Umelifumua sweta la baba, ukampa rangi yake yule? Yeye? Aliyemwacha afe peke yake?"

"Usimseme mdogo wako hivyo."

"Nimseme vipi, mama? Niambie wewe. Zamu ilikuwa ya nani siku ile?"

Nilifungua kinywa. Wallahi nilikifungua. Nikasema, "Toka nyumbani kwangu mpaka ujifunze adabu."

Akatoka. Mwavuli ameuacha. Jirani wa ukuta mmoja alizima redio yake, maana hakukuwa na haja ya kusikiliza kitu kingine. Profesa hajala. Nimefuma mstari mwekundu, nikaruka kitanzi kimoja, na sikurudi kukirekebisha.

22 Aprili

Jioni, taa bado haijawashwa, Profesa ameweka madaftari mezani. Hajanisemesha tangu jana ila kwa "shikamoo" na "ndiyo". Nikauliza leo mnasoma nini, ili tu nisikie sauti.

"KKS na KDS."

"Hayo ni magonjwa?"

Akashindwa kujizuia, akacheka kidogo. Akanieleza. Kigawo kikubwa cha shirika ni namba kubwa kuliko zote inayoweza kugawanya namba zako mbili isibaki kitu. Kigawe kidogo cha shirika ni namba ndogo kuliko zote ambayo hii inaifikia kwa hatua zake na ile inaifikia kwa hatua zake.

"Nipe ya sita na nane."

Akaandika. "KKS ni mbili. KDS ni..." Penseli ikasimama. "Ishirini na nne."

"Wewe uliniambia arobaini na nane."

"Nilizidisha tu, bibi. Hatukuwa tumefika hapa." Akafungua ukurasa wa mbele. "Angalia. Kuna kanuni. Ukizidisha KKS na KDS unapata jibu lilelile unalopata ukizidisha namba zenyewe. Mbili mara ishirini na nne, arobaini na nane. Sita mara nane, arobaini na nane. Maana yake ile mbili wanayoshirikiana imekata njia katikati."

Mimi kanuni sizijui, lakini kitambaa nakijua. Nikachukua blanketi, nikahesabu mistari ishirini na minne kutoka mwanzo, nikaliviringisha kama mkeka ili wa ishirini na tano ukutane na wa kwanza. Nikanyoosha ncha.

Mwekundu ukalala juu ya mwekundu. Buluu juu ya buluu. Kila mstari juu ya mwenzake, kama mtu amelala juu ya kivuli chake. Ule wa pili juu ya ule wa ishirini na sita, ule wa tano juu ya ule wa ishirini na tisa, hakuna hata mmoja uliosogea kwa unene wa uzi.

"Kumbe ilikuwa imekwisha siku ya ishirini na nne," nikasema. "Siku nyingine zote nilikuwa nafuma kilekile."

Profesa akawa ananyooshea kidole mistari, midomo ikicheza. "Mama: mbili, nane, kumi na nne, ishirini. Zote shufwa. Mjomba: tano, kumi na tatu, ishirini na moja. Zote witiri." Akanigeukia, macho makubwa. "Bibi, hawakutani. Ukiongeza sita kwenye shufwa unabaki kwenye shufwa. Ukiongeza nane kwenye witiri unabaki kwenye witiri. Sita na nane zote zina mbili ndani yake, na ile mbili haimruhusu mtu kuvuka kwenda upande wa pili."

"Hata wakija miaka mia?"

"Hata elfu."

"Na ingekuwa saba na nane?"

"Hizo zinashirikiana moja tu, na moja haizuii kitu. Wangeanza siku yoyote, wangekutana."

Kwa hiyo hakuna aliyemkwepa mwenzake. Binti yangu alisema kweli, nami nimemwita muongo, nikamfukuza kwenye mvua. Kilichowazuia ni kile walichonacho wote wawili.

Nimekaa na blanketi limeviringishwa mapajani. Walichonacho wote wawili. Mbali na zamu, wana nini kingine wote wawili?

Wana mimi.

23 Aprili

Nyeupe. Naandika mchana, Profesa yuko shule, mvua imetulia.

Siku ile zamu ilikuwa ya mwanangu, ni kweli. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti tangu asubuhi, na usiku uliopita pia alikuwa yeye. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda kalale, mimi nipo." Akakataa. Nikamfukuza kwa kanga, kwa mzaha, kama kuku. Akaenda.

Nikakaa mimi. Mgonjwa alikuwa amelala, anapumua vizuri. Mvua ikaanza. Nguo zilikuwa kwenye kamba, mashuka yake yote, na mashuka ya mgonjwa hayana akiba. Nikatoka kuanua. Sikuwa nje muda mrefu. Kamba nzima, labda na vibanio viwili vilivyoanguka. Niliporudi mashuka mikononi, alikuwa ameshaondoka.

Nikarudi uani. Nilisimama kule kwenye mvua na yale mashuka, sijui kwa nini. Mkunga akaingia kwa mlango wa mbele, akakuta kiti kitupu. Fundi naye akatoka chumba cha pili anapangusa macho. Nikaingia nimeloa. Mkunga akauliza, "Zamu ilikuwa ya nani?"

Mwanangu akanitazama. Akayaona mashuka. Akasema, "Yangu."

Ningesema neno moja, yangekwisha palepale. Sikusema. Nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Baada ya mazishi nikajiambia nitasema wakipoa. Halafu nikaanza kusubiri bahati, kalenda inifanyie kazi ambayo ni ya kinywa changu.

Mimi ninayejisifu kwamba sizungushi maneno!

24 Aprili

Buluu. Nimemwambia Fundi nitamweleza dada yake kila kitu.

Aliweka kikombe chini polepole. "Usimwambie, mama."

"Kwa nini?"

"Mimi nimeshazoea."

"Nani aliyekuambia uzoee?"

"Na wewe umezeeka. Akuache na heshima yako."

"Heshima gani hiyo unayonibebea wewe miaka miwili mpaka mgongo umepinda? Nilikuzaa unibebee? Kula mkate wako."

Akala. Kisha akainama kama anafunga kamba za viatu, akakaa hivyohivyo muda mrefu. Viatu vyake havina kamba.

26 Aprili

Nyeupe. Sijui kama kesho atakuja. Nilimfukuza mwenyewe.

27 Aprili

Amekuja. Alisimama mlangoni, akasema amefuata mwavuli na kumwona mtoto.

Nikamwambia akae. Hakukaa. Nikamwambia akiwa amesimama. Yote, mpaka vibanio. Kwanza nikasema, "Nilikuita muongo, na muongo ni mimi," ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.

Hakulia. Nilitamani alie. Alienda kwenye beseni akaosha vikombe vitatu vilivyokuwa safi.

"Alijua kwamba ulikuwa wewe?"

"Alijua."

"Siku ile makaburini, niliposema yale maneno, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma yako."

Akafunga bomba. Nikasikia tone la jikoni kwenye ndoo.

Nikamwambia na lile jingine, hesabu ya Profesa, kwamba wao wawili hawawezi kukutana kwa bahati hata wakija maisha yao yote. Lazima mmoja asogee siku moja. "Mdogo wako anakuja tarehe mbili. Siku yako ni tarehe tatu. Siku moja tu, mwanangu, na baada ya hapo unaondoka."

Akambusu Profesa, akachukua mwavuli, akaenda. Mimi hakuniaga.

Nyekundu. Uzi umebaki wa mstari mmoja tu.

28 Aprili

Nyeupe.

29 Aprili

Nyeupe. Profesa anauliza kama mama yake amenikasirikia. Nikamwambia ndiyo, na ana haki. Akafikiri. "Basi usimkasirikie na wewe." Nikamwambia mimi sina ruhusa.

30 Aprili

Nyeupe.

1 Mei

Nyeupe. Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

2 Mei

Fundi alifika saa tano. Sikumwambia kitu, maana sikuwa na kitu cha kuahidi. Tulikula. Profesa kila dakika anakwenda dirishani, akidai anamwangalia paka, na paka amelala miguuni pake.

Saa saba. Saa nane. Mwanangu akainuka akatafuta kofia yake. Nikasema ngoja mvua ipungue. Akasema, "Mama, hii haipungui."

Mlango ukasukumwa. Mkunga, na sare yake ya kazi, matope mpaka magotini. Akasimama kizingitini. Fundi akasimama na kofia mkononi. Tangu udongo wa kaburi hawajasimama hivyo.

Nilitaka kusema neno. Nikauma ulimi, na kwa mara ya kwanza kunyamaza kwangu kulikuwa mahali pake.

"Nimebadilishana na mwenzangu," Mkunga akasema, akiangalia kofia. "Nimemaliza zamu ya usiku asubuhi, nikachelewa, kulikuwa na mapacha." Kisha akainua macho. "Umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Mjinga wewe," akasema, na sauti ikamkatikia katikati ya neno.

Akakaa. Si pembeni yake. Upande wa pili wa meza. Profesa akammiminia chai, ikafurika kwenye sahani, hakuna aliyemgombeza.

"Kwa nini hukusema?" akamuuliza. "Mbele ya watu wote wale nilikufedhehesha, kwa nini hukusema?"

Mdogo wake alizungusha kofia. "Ungemtazama mama kama ulivyonitazama mimi."

Na kweli, hapo ndipo binti yangu akageuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nikaupokea mtazamo huo. Sitaandika ulikuwaje. Mwanangu ameubeba miaka miwili, mimi nimeubeba kwa muda wa kikombe kimoja.

Walikaa mpaka saa kumi. Hawakuongea sana. Mkunga aliuliza habari za machujio. Fundi akauliza mapacha ni wa kike au wa kiume. Kuondoka waliondoka pamoja, chini ya ule mwavuli wa maua. Fundi ndiye aliyeushika, na bega lake lote lilikuwa nje.

Mkunga hakuniaga leo pia.

Mstari wa sitini na moja. Nilishika nyuzi mbili, nikazifuma pamoja, kitanzi cha huyu, kitanzi cha yule. Uzi mwekundu umeishia kwenye kitanzi cha mwisho kabisa.

3 Mei

Hii ndiyo ingekuwa siku yake. Yuko kazini, analipa ile ya jana. Nyeupe.

8 Mei

Siku yake mpya. Amekuja kufunga mizigo ya Profesa. Fundi yuko kwenye mitambo. Tumekunja nguo pamoja, shuka mkono huu na mkono huu, tukikutana katikati kila tukikunja. Hatukusema zaidi ya "shika" na "vuta". Tulipofika shuka la mwisho alilishikilia kwa muda, hakulivuta wala hakuliachia.

"Nyuzi," akasema, "hukuogopa zitaisha?"

"Nyekundu imeisha."

Akaliweka shuka kwenye sanduku.

Nilifuma mweupe, na mwekundu nikauacha, sina.

10 Mei

Buluu. Fundi amebeba mizigo mpaka kituoni, nao wameondoka na basi la asubuhi. Nililia baada ya basi kukata kona, kabla ya hapo sikumpa Profesa faida hiyo. Dirishani alikuwa akipiga kelele, nikadhani amesahau kitu, kumbe ni hesabu.

"Bibi! Huko mama atapumzika kila siku ya saba! Saba na nane! Hamsini na sita!"

Watu kituoni walinitazama, bibi mzima anapigiwa kelele za namba.

Nimerudi nyumbani. Anga ni nyeupe, mvua imekwisha, ndoo ya jikoni ni kavu na sijazoea. Kwenye kiti cha marehemu, mahali ninapoweka blanketi, nimekuta mfuko wa karatasi. Hauna barua, hauna neno lolote. Ndani kuna mabunda manne ya uzi wa sufu, mpya kabisa, mwekundu.

Nimeupima kwa mkono kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko, mara mbili nisije nikakosea. Unatosha siku hamsini na sita, na unabaki.